Mafunzo ya sheria ya kuwalinda watu wazima nchini Uingereza: yapi yakufae wewe?

Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili na kufanya kazi katika makao ya wazee nchini Uingereza, au ya kuzunguka majumbani mwa watu wenye ulemavu na wagonjwa, tuna vyeti viwili au vitatu vya ulinzi wa watu wazima. Hata hivyo, mzee anapokataa kuoga kwa siku ya nne, au kijana anapoondoka na kadi ya benki ya mama yake, tunasimama tusijue sheria inatutaka tufanye nini. Kosa hilo si letu peke yetu, kwa sababu mafunzo yanayouzwa kwa jina hilo moja yanatofautiana mno: yapo ya dakika arobaini kwenye simu, yapo ya siku nzima mbele ya mwanasheria, na yapo ya miaka mitatu chuo kikuu. Katika ulinganisho huu ninayaweka pamoja kwa kigezo kimoja, nacho ni kama mafunzo yatamsaidia mtu kufanya uamuzi ule ambao kazi yake yenyewe inamdai aufanye. Bei na urefu wa kozi ninavitazama baada ya hapo.

Kwanza ujue uko chini ya sheria ya nchi ipi

Nimeona mara nyingi mtu anayefanya kazi Glasgow akilipia kozi iliyotungwa kwa ajili ya England, kwa kuwa tangazo lilisema tu kwamba ni kozi ya Uingereza. Uingereza haina sheria moja ya kuwalinda watu wazima. England inaongozwa na Care Act ya mwaka 2014, ambayo hapa nitaiita Sheria ya Matunzo, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2015. Wales ina sheria yake ya huduma za jamii na ustawi, nayo ni ya mwaka 2014, iliyoanza Aprili 2016. Uskoti ilizitangulia zote mbili kwa sheria yake ya mwaka 2007 ya kuwasaidia na kuwalinda watu wazima.

Tofauti hizo zinagusa kazi ya kila siku. England na Wales, ulinzi huu ni wa mtu aliyefikisha miaka 18, wakati Uskoti unaanzia miaka 16. Uskoti, halmashauri inaweza kumwendea hakimu na kuomba amri ya mtu kufanyiwa tathmini, au ya kuhamishwa kwa muda usiozidi siku saba, au ya kumzuia anayemdhuru asikanyage pale alipo. Wales, mahakama inaweza kumruhusu ofisa aingie ndani ili azungumze na mhusika faraghani. England, Sheria ya Matunzo haikutoa uwezo wowote wa kuingia nyumbani mwa mtu, na ofisa anayefungiwa mlango hulazimika kutafuta njia katika sheria nyingine, kama ile ya mwaka 1984 inayowaruhusu polisi kuingia ili kuokoa maisha, au sheria ya afya ya akili ya mwaka 1983. Aliyesoma sheria ya nchi moja akaitumia katika nchi nyingine anaweza kuiahidi familia jambo ambalo halmashauri haina mamlaka ya kulitenda.

Kuna jambo la usajili pia. Uskoti na Wales, wahudumu wenyewe husajiliwa na baraza la nchi yao na hudaiwa kuendelea kusoma ili wabaki kwenye daftari, kwa hiyo cheti wanachokipata kina mahali pa kuhesabiwa. England haina daftari la aina hiyo kwa wahudumu wa kawaida, na anayesimamiwa na tume ya ukaguzi wa huduma za afya na matunzo, CQC, ni mwajiri. Kuanzia hapa nitazungumzia England, ambako ninafanya kazi mimi.

Sheria mbili ambazo kozi isipokuwa nazo, iache

Ya kwanza ni hiyo Sheria ya Matunzo, na hasa kifungu chake cha 42. Kifungu hicho kinaibebesha halmashauri wajibu wa kuchunguza pale inapokuwa na sababu za msingi za kushuku mambo matatu kwa pamoja: kwamba mtu mzima aliye katika eneo lake ana mahitaji ya matunzo na msaada, hata kama halmashauri haimhudumii, kwamba anateswa au kutelekezwa, au yumo hatarini kufanyiwa hivyo, na kwamba kwa sababu ya mahitaji hayo hawezi kujikinga. Neno la kushikwa hapo ni kushuku. Mhudumu hadaiwi kuleta ushahidi, wala uamuzi wa kufungua uchunguzi si wake. Kozi nzuri hulirudia hilo hadi likae, kwa maana wahudumu wengi hunyamaza wakidhani kwamba lazima kwanza wawe na uhakika.

Mwongozo wa sheria hiyo ulipanua pia orodha ya madhara, ukaingiza utumwa wa kisasa, ukatili wa nyumbani, na hali ya mtu kujitelekeza mwenyewe. Ukifungua kozi ukaona bado inatoa tafsiri ya mtu mzima dhaifu kutoka mwongozo wa mwaka 2000, ujue kwamba haikuhuishwa tangu sheria ilipobadilika, kwa kuwa tafsiri ile iliachwa mwaka 2015, na sheria sasa inaangalia hatari na mahitaji ya mtu badala ya kumwita dhaifu.

Ya pili ni sheria ya mwaka 2005 ya uwezo wa kuamua, ambayo wenyeji huiita Mental Capacity Act, na kwangu mimi ndiyo moyo wa jambo zima. Kifungu chake cha kwanza kina kanuni tano: mtu mzima huchukuliwa kuwa ana uwezo wa kuamua hadi ithibitike vinginevyo, asihesabiwe kuwa hana uwezo kabla hajasaidiwa kwa kila njia inayowezekana, asihesabiwe kuwa hana uwezo kwa sababu tu uamuzi wake si wa busara, linaloamuliwa kwa niaba ya asiye na uwezo liwe kwa maslahi yake, na itafutwe njia itakayombana kidogo zaidi katika haki na uhuru wake. Anayefundishwa kuripoti hatari bila kufundishwa kanuni hizi huondoka darasani na hofu tu, na hofu hiyo humwangukia mzee.

Nilishuhudia hilo katika makao niliyofanyia kazi miaka iliyopita. Mzee mmoja mwenye kisukari, mwenye akili zake timamu kabisa, alikuwa akiagiza biskuti kwa jirani yake wa zamani. Mwenzetu, dada mwenye huruma ambaye alimuuguza babu yake huko Muheza hadi siku ya mwisho, akawa anazificha zile biskuti kabatini. Nilimuuliza kwa upole, "Dada, mzee mwenyewe amesemaje?" Akanijibu, "Kaka, mtu akishafika umri huu ni wa kuamuliwa, ukimwachia utamuua." Cheti chake cha kozi ya mtandaoni alikuwa amekipata wiki mbili tu kabla ya hapo, tena kwa alama mia kwa mia. Kozi ile ilimfundisha kuitambua michubuko na kumwambia meneja. Haikumfundisha kwamba kumnyang'anya mtu timamu chakula chake, hata kwa mapenzi, kunaweza kuwa ndiko kumdhuru.

Ninalisisitiza hili kwa sababu malezi yetu yanatupeleka huko. Tumekulia mahali ambapo mkubwa akiugua wanawe humwamulia, na kumwamulia ni heshima. Vilevile, tumefunzwa kwamba zawadi ya mzee hairudishwi, ilhali katika makao ya wazee ya England mhudumu anayepokea noti ya pauni 20 kutoka kwa mzee bila kumwarifu meneja anaweza kujikuta akihojiwa kwa tuhuma ya kumnyonya kifedha. Mkufunzi anayeruhusu maswali ya namna hii yaulizwe ana thamani kubwa kwetu kuliko slaidi zenye rangi.

Kuhusu uhuru wa mtu asiye na uwezo wa kuamua, kozi inapaswa kueleza kwamba mlango unaofungwa kwa namba za siri unaweza kuwa ni kumnyima mtu uhuru wake hata kama hajawahi kuusukuma. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliikuta Uingereza na kosa mwaka 2004 katika shauri la mtu mwenye usonji aliyewekwa hospitalini bila utaratibu wa kisheria, na kutokana na hilo utaratibu wa kuidhinisha hali kama hizo ukaanza Aprili 2009. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliangalia kama mtu yuko chini ya uangalizi na udhibiti wa muda wote na kama hana uhuru wa kuondoka, na katika hukumu hiyo jaji Lady Hale alisema kwamba kizimba cha dhahabu bado ni kizimba. Bunge lilipitisha mfumo mwingine mwaka 2019, lakini mwaka 2023 serikali iliahirisha kuuanzisha. Muulize mkufunzi hali ilivyo leo, na asipoweza kukujibu papo hapo, mpime kwa hilo.

Kozi ya mtandaoni, cheti cha kuanzia, na siku moja darasani

Kozi fupi ya mtandaoni ina faida mbili za kweli: bei yake ni nafuu, na mtu wa zamu za usiku anaweza kuisoma saa nane za usiku. Inafaa kwa kukumbushana kila mwaka na kwa mpishi, dereva au fundi wa makao ambaye anahitaji kujua dalili na nani wa kumwambia. Haifai kuwa msingi pekee wa mtu anayemgusa mzee mwilini. Tahadhari moja ni kwamba matangazo mengine hudai kuwa kozi imeidhinishwa na CQC, wakati tume hiyo haiidhinishi kozi za mtu yeyote. Inachokagua ni kama wafanyakazi wanajua wanachokifanya, na kanuni ya 13 kati ya kanuni za mwaka 2014 inazozisimamia inamtaka mtoa huduma awalinde watu dhidi ya mateso, si awe na faili la vyeti.

Care Certificate, yaani cheti cha kuanzia cha wahudumu, iliyoanza Aprili 2015 baada ya kashfa ya wagonjwa kutelekezwa katika hospitali za Mid Staffordshire na mapitio ya Camilla Cavendish ya mwaka 2013 kuhusu wahudumu, ni hatua ya mbele. Ilikuwa na viwango 15, cha kumi kikiwa ni cha ulinzi wa watu wazima, na sharti lake ni kwamba msimamizi amtazame mhudumu akifanya kazi, kwa hiyo anayekuuzia cheti hicho kamili kwa mtandao peke yake hakuuzii kitu halali. Udhaifu wake mkubwa umekuwa kwamba haikuwa sifa rasmi, na mtu akihama hulazimishwa kuanza upya. Toleo lake la ngazi ya 2, lililoanza mwaka 2024 kama sifa inayotambuliwa, lilikusudiwa kuondoa usumbufu huo, na ikiwa mwajiri wako anakupa uchaguzi kati ya hizo mbili, chagua hilo, kwani litakufuata uendako.

Sasa siku moja darasani, pamoja na mwanasheria au ofisa wa halmashauri. Ningelazimika kumpa mhudumu mwenzangu njia moja tu, ningempa hii. Kila halmashauri ya England yenye wajibu wa huduma za jamii inapaswa kuwa na bodi ya ulinzi wa watu wazima chini ya kifungu cha 43, na nyingi huendesha mafunzo kwa watoa huduma wa eneo lao, mara nyingi bure au kwa ada ndogo. Hapo utamkuta mtu anayepokea taarifa zenyewe, atakayekuambia ni maneno gani katika taarifa humsaidia na yapi humpotezea muda. Hapo pia husomwa ripoti za mapitio chini ya kifungu cha 44, zinazoandikwa mtu anapofariki au kudhurika vibaya na kukawa na shaka kwamba taasisi hazikushirikiana ipasavyo. Saa moja ya kusoma ripoti moja kama hiyo, ukiona mtu mmoja alivyopita mbele ya daktari, polisi, mhudumu na ofisa wa nyumba bila hata mmoja wao kuunganisha alichokiona na alichokiona mwenzake, inafundisha sheria kuliko maswali ishirini ya kuchagua jibu sahihi.

Yule dada wa Muheza alipata nafasi ya siku kama hiyo. Aliporudi alizirudisha biskuti mezani, akaketi na mzee, akamweleza habari ya sukari kwa maneno mepesi, kisha akaandika kwenye kumbukumbu kwamba ushauri umetolewa, mzee ameelewa, na amechagua. Kuandika kule ndiko sheria inakokutaka, na hakuna kozi ya mtandaoni iliyokuwa imemwonyesha namna yake.

Mafunzo ya kampuni za mawakili yana kina zaidi, hasa juu ya hukumu mpya, lakini mara nyingi yametungwa kwa mameneja na maofisa wa halmashauri, na bei yake haimwelekei mhudumu wa kawaida. Diploma ya ngazi ya 3 ya huduma za watu wazima ina sehemu ya lazima ya ulinzi, huchukua takriban mwaka mmoja au zaidi, na inamfaa anayelenga kuwa kiongozi wa zamu. Ngazi ya 5 ni ya anayetaka umeneja. Kabla hujajiandikisha chuoni, uliza kama aina ya viza yako inakuruhusu kufadhiliwa, kwa kuwa wengi hugundua baada ya kujiandikisha kwamba watatozwa ada yote.

Swali ambalo kozi nyingi hulikwepa

Mafunzo karibu yote yanasema: ukiona, sema. Machache yanaeleza litakalompata anayesema. Mwezi Mei 2011 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha mateso ya watu wenye ulemavu wa akili katika hospitali ya Winterbourne View karibu na Bristol, na mwaka uliofuata wafanyakazi 11 walihukumiwa, sita kati yao wakifungwa jela. Muuguzi mmoja wa hapo alikuwa ameandika malalamiko mapema, kwa uongozi na kwa tume, na hayakufanyiwa kazi. Kozi inayotaja Winterbourne View bila kumtaja muuguzi huyo imeacha nusu ya somo.

Sheria ya mwaka 1998 ya ufichuaji kwa maslahi ya umma inamkinga mfanyakazi anayefichua maovu, na inamruhusu kwenda moja kwa moja CQC katika hali fulani. Kwa upande mwingine, tangu mwaka 2015 kuna kosa la jinai la mhudumu anayemtesa au kumtelekeza kwa makusudi anayemhudumia, adhabu yake ikifika miaka mitano jela, na mwajiri anayemwondoa kazini mtu aliyemdhuru anayehudumiwa ana wajibu wa kumripoti DBS, idara ya serikali inayokagua rekodi za jinai za wafanyakazi, ambayo inaweza kumzuia asifanye tena kazi ya aina hiyo. Lakini ndugu zetu walioingia kwa viza ya kazi ya matunzo tangu Februari 2022, kabla mlango wa kuajiri wapya kutoka nje haujafungwa Julai 2025, wana hofu nyingine ambayo sheria ya 1998 haiimalizi. Mwajiri akipoteza leseni ya udhamini au akimwachisha kazi, kwa kawaida mtu hupewa siku 60 za kupata mdhamini mwingine. Nimemsikia mama mtu mzima akisema aliona aliyoyaona akanyamaza, kwa sababu ada za shule za wanawe Mombasa zilitegemea mshahara huo. Simlaumu. Ninachodai ni kwamba mkufunzi azungumze waziwazi juu ya jambo hili, aeleze tofauti ya kumripoti mwenzako na kumripoti mwajiri, na aseme ni wapi mtu atapata ushauri wa uhamiaji na wa chama cha wafanyakazi kabla hajaandika barua. Ukiwa na viza ya aina hiyo, lifanye hili kuwa swali lako la kwanza unapochagua kozi.

Kwa wanaotaka kwenda mbali zaidi

Muuguzi aliyesajiliwa England, aliyesomea Nairobi au Dar es Salaam, ana njia ambayo wengi hawaijui: baada ya miaka miwili ya kazi tangu kusajiliwa anaweza kusoma kozi ya chuo kikuu iliyoidhinishwa na kuwa mtathmini wa maslahi ya mtu katika utaratibu ule wa kunyimwa uhuru. Ni kozi fupi, yenye sheria nyingi, na kazi yake ni kuamua kama mlango ule wa namba za siri una uhalali. Ninaiweka juu ya stashahada zote kwa muuguzi anayependa kusoma na kuandika kwa hoja.

Ustawi wa jamii ni safari ndefu zaidi, ya miaka mitatu kwa shahada ya kwanza au takriban miwili kwa aliye na shahada tayari, pamoja na siku 200 za mafunzo kazini, na mwishoni kusajiliwa na Social Work England. Ndiyo njia ya anayetaka kuwa yule ofisa anayepokea taarifa za kifungu cha 42 na kuamua ziende wapi.

Kwa mwanasheria wa Kenya au Tanzania ambaye leo anafanya zamu katika makao ya wazee, na ninawajua wawili wa namna hiyo, mtihani wa SQE, wa kufuzu uwakili England na Wales, ulioanza Septemba 2021 umekuwa mlango ulio wazi kuliko wa zamani, kwa kuwa unakubali shahada ya taaluma yoyote, na wakili aliyekwisha kufuzu nje hadaiwi miaka miwili ya uzoefu wa kazi inayodaiwa wengine. Ni ghali, na hauna somo la matunzo ya watu wazima ndani yake. Hilo atalijifunza baadaye katika ofisi zinazopeleka mashauri kwenye Mahakama ya Ulinzi, ile iliyoundwa na sheria ya 2005. Wakati huo miezi yake ya kulisha, kuogesha na kuandika kumbukumbu itamsaidia, kwa sababu kumbukumbu hizohizo za zamu ndizo huwekwa mezani kwa jaji.